Daftari la Grisi

Mzee Wekulo alipostaafu hakutoa hotuba.
Alinikabidhi spana namba ishirini na nne,
tochi isiyo na kifuniko,
na daftari lililolowa grisi hadi kurasa zikaangaza
kama karatasi ya mandazi.

"Apondi," akasema, "mashine haifi ghafla.
Sisi ndio husikia ghafla."

Ndani hamkuwa na mchoro wala jedwali.
Aliandika sauti.

Rola ya pili: akikohoa mara mbili, ana kiu.
Pampu ya juisi: hununa kila Jumatatu, mpuuze.
Beringi ya shafti kubwa, upande wa milima ya Nandi:
weka kiganja. Ukihesabu hadi kumi bila kukitoa,
nenda ukale.
Ukiishia sita, usile.

Machi ile niliishia nne.

Nikapanda ngazi za ofisi, viatu vikiacha alama.
Meneja akatazama alama.
Beringi iko Mombasa, akasema, na pesa iko mwezi ujao.
Inazunguka, au haizunguki?
Inazunguka, nikasema.
Basi.

Ilizunguka siku tisa.

Ya kumi, saa nane za usiku, kiwanda kikanyamaza,
na ukimya ule uliamsha watu hadi Awasi.
Kulipokucha matrekta yalikuwa foleni mpaka lami,
miwa ikikauka juu yake,
na Mama Nyangweso wa shamba la ekari mbili
akishika muwa kama apimaye homa ya mtoto
akanigeukia mimi, mwenye ovaroli:
Jua likiunywa huu,
nani atanilipa uzito uliokwenda?

Jibu lilikuwa mfukoni mwangu, ukurasa wa kumi na saba.
Sikulitoa.

Sasa stoo ina beringi mbili za akiba,
zimelala ndani ya karatasi ya nta kama mapacha.
Kila Alhamisi tunazima wenyewe, kabla ya kuzimwa:
Jerotich juu na grisi, mimi chini na tochi,
na wapimaji mizani hulalamika kwamba tunapoteza muda.
Walalamike.

Nami nimeanza kuandika, nyuma ya kurasa za mzee,
pale ambapo grisi haijafika:

Meneja: akiuliza "inazunguka?" usimjibu.
Mshike mkono, mshushe ngazi,
umwekee kiganja pale.

Alihesabu hadi tatu.