Mgema wa Saa Kumi

Saa kumi alfajiri simu inatetemeka chini ya mto.
Twilumba hageuki. Amekwisha kuizoea,
kama alivyozoea zamani nikitoka na kisu
kwenda kwenye mianzi, ukungu wa Igowole ukinifika magotini.

Nilikuwa mgema. Mwanzi mchanga unaukata ncha,
unaufungia mbeta, unauacha udondoshe.
Jioni unarudi, unakwangua tena, wembamba wa karatasi.
Ukichelewa, kidonda hufunga na ulanzi hugoma.

Kisha lori la mbao, kona yenye utelezi,
nami juu ya mbao.
Kutoka kifuani kushuka, mwili ukanyamaza.

Nesi Mbilinyi hakunipa pole, alinipa mrija.
"Kibofu hakitakuita tena. Wewe ndiye utakayekifuata,
kila baada ya saa nne, kuwe harusi, kuwe msiba."
Nikacheka, mara ya kwanza tangu lori.
Kazi hiyo naijua.

Nanawa kwa maji ya chupa ya chai.
Mrija ulichemka jana kwenye sufuria yenye alama nyekundu
ambayo Lutengano amekatazwa kuchemshia mayai.
Nausukuma taratibu. Unapokwama navuta pumzi,
sigombani na mlango.
Halafu, tii, tii, ndani ya kopo la rangi.
Naandika daftarini: mia nne, hakuna ukungu.

Julai ndiyo hunichanganya.
Vinyweleo vikisimama, sijui kama ni baridi ya Mufindi
au kibofu kinabisha hodi kwa lugha ya kuazima.
Nimejifunza: baridi haikutoi jasho la uso,
haikugongi kisogo kwa nyundo.

Na bado hukosea.
Siku ile kwenye kikao cha kikundi, mweka hazina anahesabu hisa,
nikaona suruali inabadilika rangi.
Mgaya, aliyekaa kando yangu, akaona pia.
Akainuka kama anayetaka kuchangia hoja,
akajikwaa pasipo na kitu,
akanimwagia mapajani lita nzima ya ulanzi.

Wakamzomea! Wakamtoza faini ya elfu mbili.
Akalipa, akilalamikia sakafu.

Hatujawahi kulizungumza.
Masika yakianza huniletea mbeta ya kwanza,
hukaa kizingitini, humimina.
Nami naangalia saa kwanza,
kisha namwambia, ongeza nusu.