Makala Yanayolia

Mama yangu, Umba wa Katuba, hakujua noti hata moja,
lakini makala hakuyanunua kwa macho.
Alichukua vipande viwili, akavigonganisha karibu na sikio,
huku mwenye baiskeli, aliyesukuma magunia tangu njia ya Kasenga,
akihema na kungoja hukumu.
Vikilia ngii, kama kijiko kwenye kikombe cha bati:
“Huu ni mubanga. Shusha gunia.”
Vikijibu pu, kama mtu aliyeamshwa usingizini:
“Huu mlichoma ukiwa mubichi, baba. Pelekea wasiosikia.”

Ndiyo shule yangu. Cheti sina.

Leo nachonga filimbi nyuma ya nyumba,
natoboa kwa nondo iliyolala motoni mpaka ikaiva,
na moshi wa kila mti unanitajia ukoo wake.
Mubanga unakwaruza koo.
Mukula unaniachia vumbi jekundu kwenye kucha,
utadhani nimejipamba kwa harusi nisiyoalikwa.
Tete halihitaji nondo: limezaliwa na uwazi wake,
na bei yake ni mkate mmoja.

Jumamosi akaja Bwana Kabwita, viatu vyeupe, matope ya Katuba yakimtamani.
“Niko nataka ya mukula, mama.
Ile mbao banabebaka usiku na malori.”

Nikamwambia ukweli, ule usiojaza sufuria:
kinacholia si mti, ni hewa iliyofungiwa ndani yake.
Ukuta hauimbi; anaimba aliye chumbani.
Tazama ukingo wa tundu hili, bwana:
nikiukosea kwa unene wa unywele,
hata mukula utakohoa.

Sikumwambia yote. Yote siyajui.
Najua mti laini hunywa pumzi,
una kama manyoya ndani, sauti hutoka imelowa;
na mti mgumu hurudisha pumzi
kama deni lililolipwa kabla ya kudaiwa.
Najua mwezi wa nane, vumbi linapokausha hata mate,
tete hupasuka, mubanga hukaza meno.
Pengine thamani ni hiyo tu:
si kuimba vizuri,
ni kuimba mpaka mvua irudi.

Akazipuliza zote. Ya tete ikamfaa kuliko zote,
nilimwona, mabega yalishuka.
Akaiweka chini, akachukua ile nyekundu.

“Rangi hiyo itakufa,” nikasema.
“Mwaka mmoja, itakuwa kahawia kama zingine.”
“Basi nitakuwa nimeipiga mwaka mmoja.”

Jibu hilo sikulitegemea.
Nikampunguzia franka elfu mbili,
kisha usiku kucha nikazijutia.

Kwa pesa zake nikanunua gunia la makala.
Baridi ya mwezi wa sita, Kisimba na mdogo wake
wameizunguka mbabula ambayo haijawashwa,
mikono imenyooshwa tayari, kana kwamba moto huvutwa kwa heshima.
Nikagonga vipande, kwa mazoea.
Mubanga. Mubanga. Huu sijui.
Kisha kimoja kikalia chini kidogo, kwa utulivu,
nikakitambua kama unavyotambua sauti ya ndugu katikati ya msiba:
mukula.

Tawi lililopinda, lori halikulitaka.
Kiuno cha mti kimevuka mpaka,
mkono wake uko kwa Kabwita, umefungwa kwenye kitambaa,
na vidole, hivi hapa, kwa bei ya gunia.
Mti mmoja, na kila mnunuzi anadhani
amepata ule wenyewe.

“Mama, bukari,” Kisimba akasema.

Nikakigonga tena, mara moja,
kwa ajili ya Umba.
Nikakiweka katikati ya vingine.
Kiliwaka polepole, bila moshi.
Mti mzuri.