Sifuri za Skaidrīte

Hakunisalimu asubuhi ile.
Aliweka karatasi mbili juu ya kibodi yangu,
moja ya mkono wake, moja ya printa,
akasimama, theluji bado mabegani.

Kwake: 0,2500, kwa mkato wa Kilatvia.
Kwangu: 0.25.

"Sifuri zangu mbili ziko wapi?"

Nikacheka. Robo ni robo, nikamwambia,
iwe na mkia au isiwe nao;
kompyuta haibebi mzigo usio na uzito.

Alinishika kiwiko kama mtoto mtoro,
tukashuka hadi chumba cha mizani,
kule ambako hata pumzi huomba ruhusa.
Ndani ya kioo, punje za mashapo ya mto.
0.2498. 0.2503.
Lori likapita huko juu, darajani,
namba zikashtuka,
tukaanza upya kungoja.
Zikatua: 0.2500.

"Ya mwisho ingeweza kuwa moja,
ingeweza kuwa tisa. Nimetazama,
nimekuta sifuri.
Kukuta sifuri si sawa na kutotazama."

Nilirudi kwenye msimbo wangu, masikio ya moto.
Na humo nikaona la pili:
wastani wa vipimo vitatu
umeandikwa 0.24976666666666,
foleni ya sita, mashahidi wa kukodi,
hata mmoja hakuwepo mizani ikitulia.
Mashine yangu! Bahili wa kilichoonekana,
mkarimu wa kisichokuwepo.

Nikaandika amri moja, fupi, nikajipongeza:
kila namba, tarakimu nne baada ya nukta.
Jioni nikampelekea karatasi mpya.

Alipitisha penseli mstari kwa mstari.
0,2500, akaguna. 0,2498, akaguna.
Penseli ikasimama.
"Na hii 0,1800?
Hii ni ya Ainārs, ya mizani kuukuu ya ukingoni,
vidole vikiganda. Aliandika 0,18.
Sifuri hizi nani kazikuta?"

Sikuwa na jina la kumtajia.

Usiku ule nilifuta amri yangu.
Sasa programu hupokea namba kama ilivyoandikwa,
herufi kwa herufi, kama neno la mtu,
huhesabu aliona hadi wapi
na hapo hapo hunyamaza.

Wastani ukatoka 0,2498.
Skaidrīte aliutazama kitambo.
"Funga dirisha," akasema, "mizani inasikia baridi."