Stempu za Kriketi, Dirisha la Pili

Zilikuja Jumanne na behewa la vifurushi,
karatasi nane zimelazwa kati ya kadibodi
kama mgonjwa anayesafirishwa.
"Ukumbusho wa Mchezo wa Kriketi," meneja akasoma,
akanitazama, nikamtazama,
tukazisukuma droo ya chini pamoja na zile za vipepeo.

Tabora mtu akija dirishani
anataka stempu ya kufika Mpanda,
ya kufika Urambo, kwa mwana asiyejibu,
na haulizi ina picha gani.

Ijumaa stempu za twiga zikaisha.

"Huyu ameshika nini?" Mama Nyanzala, muuza asali.
"Gongo la kuchezea."
"Muongo wee! Huo mwiko.
Tena kajifunga mito miguuni.
Anasonga ugali gani huyo, hata aogope kuungua magoti?"
Foleni ikacheka mpaka mlangoni.
Mwanafunzi mmoja akasema hapana, ni kafi,
hao ni watu wa ziwani.
Basi nikauza miko, nikauza makafi,
sifongo ikakauka nikalamba kwa ulimi:
gundi ina ladha ya uji uliolala.

Mlekwa Kapufi alikuja kuulizia pensheni.
Alikuwa mbadilisha reli
mpaka mgongo ulipomkataa.
Hakununua kitu. Aliinama kwenye kioo,
akavua miwani, maana vya karibu huviona bila miwani,
akakaa kimya hadi wa nyuma yake wakaguna.
"Kiwiko," akasema.
"Kiwiko cha kushoto kiko chini mno. Huyu atatolewa."

Nyuma ya stesheni, akasema, palikuwa na uwanja.
Makarani wa reli walitandika mkeka wa makumbi
juu ya udongo wetu mwekundu,
wakaja na nguo nyeupe, wakarudi na nguo za rangi ya matofali.
Yeye alikuwa mtoto wa kuokota mpira nyasini,
senti kumi kwa Jumapili.
Siku moja karani Pinto akashikwa na homa,
wakabaki kumi.
Wakampa gongo lililomfika kifuani,
mto mmoja, wa mguu wa kulia,
wakamfunga kushoto.

"Mpira wa kwanza nilisikia upepo wake tu.
Wa pili niliupiga."

Uliruka uzio.
Ulitua kwenye behewa la wazi, juu ya magunia,
na treni ya Kigoma ilikuwa imeshaanza kuondoka,
ile polepole yake ya kumdhihaki anayekimbia.
Mwamuzi akahesabu sita.
Bwana Devshi, mweka hazina, akahesabu hasara:
klabu nzima ilikuwa na mpira mmoja.
"Wakanikata senti zangu hadi Krismasi.
Lakini sita ni sita. Iko daftarini. Daftari sijui liko wapi."

Akanunua stempu moja. Akaomba karatasi, akaomba na kalamu.
Aliandika akiwa amesimama, herufi kubwa kubwa:

*Kwa Mkuu wa Stesheni, Kigoma.
Mpira mwekundu, mshono mmoja umelegea.
Uliondoka hapa siku ya Jumapili bila tiketi.
Ukionekana, nipo.*

Kazi yangu ni kuua stempu.
Muhuri hupiga katikati, usoni, isitumike tena;
nimeua marais, nimeua twiga, sijawahi kusita.
Safari hii mkono ulisogea wenyewe
nikagonga pembeni, juu, pale mchoraji alipouweka mpira hewani.
Ukapata tarehe. Ukapata na jina la mji.

Treni ilichelewa saa tano.
Nilipotoka kufunga dirisha nilimwona ng'ambo ya barabara,
anangoja mfuko wa barua upakiwe,
na kiwiko chake cha kushoto kinapanda,
kidogo tu, kama mtu anayefukuza nzi.