Siku Mia na Kumi na Mbili

Mhoja Kwilasa, mtambo wa barafu,
kiwanda cha minofu, Igogo.
Mshahara laki tano na elfu ishirini.
Gawanya kwa ishirini na sita, ndivyo tufanyavyo hapa,
unapata noti mbili nyekundu:
hiyo ndiyo siku.
Zidisha kwa mia na kumi na mbili. Toa kodi.
Kikokotoo changu hakikuguna.

Miaka minne hakwenda likizo.
Si kwamba hakuomba. Fomu zake ninazo,
zimebanwa na pini iliyoanza kutu,
na juu ya kila moja meneja ameandika kwa wino wa kijani:
msimu wa sangara, asubiri.
Msimu wa sangara haujui kwisha.
Na ule mtambo, mnaujua ninyi mliopita pale usiku?
Ulipoanza kukohoa haukupona
mpaka usikie spana ya Mhoja na matusi yake ya Kisukuma,
taratibu, kama mtu anayembembeleza ng'ombe akubali kukamuliwa.

Sasa umeletwa mwingine, wa kubonyeza,
usiotaka kubembelezwa.
Barua yake ya kuachishwa ilikuwa mistari mitatu.
Niliichapa mimi.

Alikuja Jumatano, shati limenyooka kwa pasi,
akakaa ukingoni mwa kiti
kama abiria asiye na tiketi.
Nikamsomea hesabu. Akasikiliza mpaka mwisho.
"Dada Nyanjiga," akasema, "siku hazigandi.
Mimi humu nimegandisha kila kitu, minofu, mabondo,
hata kidole hiki, tazama, hakijui tena moto.
Siku, hapana, zilinishinda.
Sasa hizi zangu mlizihifadhi wapi?"

Nikamwonyesha safu ya saba.
Akainama, akaitazama
kama anayechungulia kisima.

Akatia sahihi. Akaanza kuhesabu, mbilimbili,
kwa sauti ndogo: Jumatatu. Jumanne. Jumatano.
Nilitaka kumkatiza, nje foleni ilikuwa imefika getini,
lakini mdomo ulinishinda.
Katikati ya bunda akasimama.
Noti mbili akazisogeza kwangu.
"Hii naomba unirudishie yenyewe."

Ipi?

"Ya Machi, mwaka juzi. Upepo uling'oa bati
jikoni kwa mama, kule Kome.
Akanipigia simu, akaniuliza:
hiyo mashine yako, nayo ina mama?
Nilicheka, Dada.
Nilicheka, nikamwambia wiki ijayo."

Haki ya Mungu, nilitafuta safu.
Kuna ya posho, kuna ya mkopo,
kuna ya vifaa visivyorudishwa: buti, glavu jozi moja.
Feni ikazipeperusha zile noti,
nikaziwekea kikombe juu, zikakaa pale kati yetu,
si zake si zangu, mpaka chai ikapoa.
Mwisho alizichukua. Angefanyaje?
Bati ni bati, hata kama wa kukaa chini yake hayupo.

Kupitia dirishani nilimwona akizunguka nyuma
ulipo mtambo mpya.
Akaugusa ubavuni kwa kiganja,
akategesha sikio, akatikisa kichwa.
Alisikia nini, hakumwambia mtu.
Nyuma yake ziwa lilikuwa bapa, rangi ya sufuria kuukuu,
na korongo mmoja juu ya jiwe, hana haraka ya kitu.

Jioni nikafungua faili langu mwenyewe.
Nyanjiga Bwire, karani: siku sabini na tatu.
Sikuzidisha.
Nikachukua fomu tupu, nikajaza jina, idara, tarehe,
nikafika penye "sababu ya likizo"
nikakaa hapo mpaka mlinzi akazima taa za ukumbini.
Gizani nikaandika kwa kupapasa:
sababu sina. Ni zangu.

Ipo mezani kwa meneja mpaka leo,
imelaliwa na kijiwe alichookota Kapripointi.
Nikipeleka mafaili naiona kona yake
na sijui mbona, naikumbuka ile simu ya Kome,
nami mama yangu yu hai, yuko Majita,
jana amenipigia mara mbili.
Nilikuwa kwenye hesabu.