Kimo cha Mgrivea

Kazi yangu ni kusoma mwanga uliorudi.
Kuna chombo huko juu, kinazunguka dunia kimya kimya,
kinadondosha leza kama mtu anayepukuchua mahindi,
punje, punje, punje,
kisha kinasikiliza: umekawia kiasi gani?
Unaowahi kurudi umegonga kilele cha mti.
Wa mwisho umefika chini, umegusa udongo.
Toa huu kwa ule, umepata kimo.

Alhamisi, ofisini Moshi mjini, feni imekufa pamoja na umeme,
kompyuta inamalizia chaji,
nikaangukia duara moja la Kibosho, upana wa hatua thelathini,
moyo ukajua kabla ya akili:
hiki ni kihamba chetu.
Nundu ya chini, kahawa. Inayofuata, migomba.
Na kule juu, mita ishirini na mbili, peke yake,
mgrivea alioupanda baba mwaka aliponunua redio.

Nikafungua vipimo vya mwaka huu.
Kahawa ipo. Migomba ipo.
Juu yake, hewa.

Nikampigia Elinaja. "Ule mti wa baba upo?"
"Upo, kaka. Unakusalimu."
Mdogo wangu ana sauti ya kuuzia ng'ombe mgonjwa.
Nikamwambia nimeutazama kutoka angani, haupo.
Akanyamaza. Nikasikia kuku, nikasikia ndoo,
kisha mama akaichukua simu:

"Umeuona mti tu?
Mwezi wa tano nililala KCMC siku tisa.
Ule mti ndio ulionilipia kitanda.
Nikasema usiambiwe, una kazi zako za angani."

Na kweli, grafu haina nundu ya mtu aliyelala.
Mwanga unatenga jani na jiwe,
haujui nani ametoka nyumbani akiwa amebebwa.

Jumapili nikapanda, matope hadi kwenye soksi.
Kisiki kimetoa machipukizi mawili,
mama amekigeuza meza ya beseni la vyombo.
Nikachomoa futi kamba, mazoea mabaya:
sentimita arobaini na moja.
Nikaliondoa beseni, nikakaa.
Mama akaleta kiburu, akaketi ubavuni,
habari za mti hakuzigusa.

Huenda kile chombo kilipita tukiwa tunakula.
Huenda siku moja nitakutana na nundu mpya, fupi,
imejibana na ardhi,
nami nitaiandika kama mwongozo unavyotaka:
kichaka.