Kwa Jefim, Aliyemvua Viatu

Jefim, sikuandikii kukulaumu.
Najua ulikuwapo. Viatu vyake nilivikuta
vimepangwa jozi chini ya kabati,
na Rodion wangu, tangu azaliwe,
hakuwahi kupanga viatu.
Ulimvua wewe. Ukamwekea mto.
Ukafunga mlango polepole
kama mtu anayetoka chumba cha mtoto.

Nami nilirudi saa kumi na mbili na robo
kutoka zamu ya usiku, kufua mashuka ya hospitali,
theluji imegandia pindo la koti,
vilima vya majivu ya mgodi vikiwa vyeusi dirishani,
nikamsikia anakoroma.

Anakoroma!
Miezi mitatu mgongo ulikuwa umemnyima usingizi,
tangu kreti la bohari limwangukie.
Nikafanya ishara ya msalaba: leo amelala.
Nikaondoa birika jikoni kabla halijapiga mluzi.
Nikatembea kwa soksi.

Unasikia, Jefim? Kwa soksi.
Nilimnyamazia mwanangu ili afe vizuri.

Tuliambiwa usingizi na mauti ni ndugu;
hatukuambiwa kwamba huazimana sauti.
Koromo lile halikuwa koromo.
Alikuwa mtu anayezama pasipo maji:
pumzi moja, kisha kimya, nikamenya kiazi,
pumzi nyingine, kisha kimya, nikamenya viwili,
kisha kimya,
na viazi vikaisha.

Daktari, binti mdogo kutoka Tartu, macho mekundu kwa kukesha,
alinieleza kwa Kirusi cha kuokoteza:
kidonge kilikuwa na rangi ile ile, namba ile ile,
mkato ule ule katikati
kama vile alivyoandikiwa zamani kliniki.
Ndani yake dawa nyingine kabisa, iliyopikwa
na mtu asiyeujua mgongo wa Rodion.
Nitazini, alisema. Nikadhani ni jina la msichana.
Kiasi cha punje chache za chumvi, alisema.
Nikafika nyumbani, nikamwaga chumvi mezani,
nikaketi kuzihesabu mpaka taa za barabarani zikazimwa.

Basi sikiliza, maana najua bado unanunua,
na mimi si padri.
Ukiona midomo ya buluu, kucha za kijivu,
ukisikia koromo linalokatikakatika,
usimwite kwa upole. Mpigie kelele.
Msugue mfupa wa kifua kwa ngumi mpaka akuchukie.
Piga moja moja mbili. Polisi? Waje,
wakute mtu hai wa kumhoji.
Mpulizie naloksoni puani. Asipovuta pumzi,
baada ya dakika mbili tatu mpulizie tena,
maana hizi mpya ni kaidi,
moja huenda isitoshe.
Mpe pumzi zako, kinywa kwa kinywa,
na hata akiamka, hata akifoka kwamba umemharibia,
usiondoke: kinga huisha kabla sumu haijaisha.
Na wewe usimeze ukiwa peke yako. Niite.
Niko ghorofa ya nne, silali.

Kwenye sanduku lako la barua,
la tatu kutoka kushoto, lile lenye kufuli bovu,
nimekuwekea mbili.
Usizirudishe. Usiseme asante. Usije na maua.

Jana, kwenye basi la Jõhvi, mzee mmoja alikoroma,
kofia imemshuka mpaka puani.
Abiria walitabasamu. Mimi nilisimama
nikamtikisa mabega kwa mikono yote miwili
hadi miwani yake ikaanguka.
Akanitukana, mimi, na mama yangu,
na kijiji alichozaliwa mama yangu,
na ng'ombe wa kijiji hicho mmoja mmoja.
Nikamwokotea miwani. Nikamwambia, endelea, baba.
Tusi refu namna ile
halitoki bila mapafu.